Visanduku vya Rangi na Nyanya za Mlali

Mwenye duka la rangi aliingia ofisini kwetu na ndoo tupu mkononi, akaiweka juu ya meza yangu na kusema anataka watu walioko Ulaya wachague rangi za nyumba zao hukohuko waliko. Hakuwa anawasema Wazungu. Alikuwa anawasema Watanzania wenzetu, ambao miaka ile walikuwa wanajenga Morogoro kwa simu: mwenye nyumba yuko mbali, ndugu anapaka ukuta rangi anayoipenda yeye, na siku mwenyewe akirudi likizo ni ugomvi.

"Nataka mtu abonyeze," alisema, "aone ukuta umegeuka. Ajue ndiyo hii."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye kompyuta zilizokwisha kutumika nchi za watu kabla ya kutufikia, kama mashati tuliyovaa. Mchana wanafunzi wa chuo cha Mazimbu walijaa kusoma barua pepe. Mimi nilikaa meza ya ukutani, nikitengeneza kurasa za tovuti kwa yeyote aliyeambiwa kwamba biashara isiyo na tovuti imekufa. Siku zile za soko huria kila mtu alikuwa ameambiwa hivyo, hata mtu ambaye wateja wake wote waliishi mtaa mmoja.

Kazi ya yule mzee wa rangi niliipenda. Nilichora nyumba ndogo yenye paa la bati, mlango na dirisha, na chini yake nikapanga visanduku vya rangi kwa mistari. Ukibonyeza kisanduku, ukuta wa nyumba unachukua rangi hiyo. Haikuwa kazi ngumu. Kila rangi kwenye kompyuta ni mchanganyiko wa mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, na mimi nilichotakiwa kufanya ni kuiambia kompyuta kiasi cha kila mmoja. Mzee alipoona nachanganya nyekundu na kijani nikapata njano, alicheka mpaka akashika ubavu. "Binti, mimi nimechanganya rangi kabla hujazaliwa. Nyekundu na kijani ni tope!" Nikamweleza kwamba kwenye kopo ni tope, lakini kwenye mwanga ni njano. Alikubali kwa adabu, bila kuamini.

Katika mistari yote, nilioupenda zaidi ni ule ulioanzia kijani ukaishia nyekundu. Niliupunguza na kuuongeza kidogokidogo, kisanduku hadi kisanduku, mpaka mabadiliko yake yakawa laini kama nyanya inavyoiva shambani. Mimi ni mtoto wa Mlali. Nyanya zinavyoiva nazijua.

Nilikuwa bado naunyoosha mstari huo kaka yangu mkubwa alipofika. Alikuja mjini kung'olewa jino, na shavu lake lilikuwa limevimba kama aliyeweka kaimati mdomoni. Aliniletea kiroba cha maharage kutoka mlimani. Aliketi kwenye benchi la wateja akinisubiri tuondoke wote, na kwa kuwa kusubiri kunachosha, akasogea mezani kwangu.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ya duka la rangi. Bonyeza kisanduku, nyumba ibadilike."

Hakuwa amewahi kushika kompyuta. Nilimwekea mkono juu ya kipanya, nikaweka wangu juu ya wake, nikamwonyesha jinsi ya kuusogeza ule mshale. Alibonyeza bluu, ukuta ukawa bluu, akacheka licha ya jino lake. Akabonyeza njano. Akabonyeza zambarau, akasema hiyo ilikuwa bluu tena, sikujali. Halafu akaingia kwenye ule mstari wangu. Alibonyeza kisanduku cha kwanza, cha pili, akaruka, akarudi.

"Hapa pameharibika," alisema.

"Pameharibikaje?"

"Nabonyeza lakini nyumba haibadiliki."

"Kaka, mbona inabadilika?"

"Wapi? Hii na hii na hii ni moja. Umerudia rangi moja mstari mzima."

Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha kisanduku cha kijani, nikamuuliza ni rangi gani. Akasema ni ugoro. Nikamwonyesha cha rangi ya chungwa iliyokolea. Akakiangalia kwa makini, kichwa upande, akasema hicho nacho ni ugoro, ila umekauka zaidi.

Mwanafunzi aliyekuwa kompyuta ya jirani aligeuka. Akamwita mwenzake. "Huyu mzee haoni rangi," alisema, "tulifundishwa haya darasani, kuna watu wako hivi." Wakaja wengine. Mmoja akaniomba nigeuze ukuta wote uwe wa kijani, kisha wote uwe rangi ya matofali, tuone. Nikageuza. "Na sasa, mzee?" Kaka akajibu. Wakacheka. Waliwekeana dau la soda. Na mimi nilicheka. Si hivyo tu: nilisema, "Ngojeni, mwone hii," nikaandika haraka jozi nyingine ya rangi, iliyokaribiana zaidi, kwa sababu mchezo ulikuwa wangu na nilitaka uendelee.

Kaka alikuwa anajibu kila swali kwa tabasamu, kama mtu aliye ugenini anayekula chakula asichokipenda ili wenyeji wasijisikie vibaya. Mwishowe akaachia kipanya.

"Basi, mdogo wangu. Jino linaniuma. Nipo hapo nje."

Nilipotoka nilimkuta kwa mama muuza uji, ameshika kikombe ambacho hajakinywa. Nikaketi kando yake. Hakunitazama.

"Wale vijana wote wanaona tofauti pale?" aliniuliza.

"Wanaona."

"Na wewe?"

"Naona."

"Tangu utotoni?"

"Tangu utotoni, kaka."

Alizungusha uji ndani ya kikombe. "Mimi nilidhani mnabahatisha," alisema. "Nilidhani mmeizoea mimea, mnajua tawi lipi limetangulia. Nikajisemea, wenzangu wanajifunza, mimi kichwa changu ni jiwe. Nilijitahidi, unajua? Nilikuwa naamka mapema nikatembee kwenye matuta peke yangu, nijifunze."

Ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nimekichekea mle ndani.

Nilipokuwa mtoto, nyanya ndizo zilizoilisha nyumba yetu. Chama cha ushirika kilikuwa kimekwisha kufa, na wachuuzi wa Dar es Salaam walikuja na malori yao mpaka shambani. Hawakutaka nyanya mbichi, wala iliyoiva ikawa laini. Walitaka ile iliyoanza kugeuka, iliyopigwa wekundu kidogo kwenye kitako, ili iive njiani na kufika sokoni ikiwa nzima. Kaka alikuwa amemaliza darasa la saba, na shamba la bondeni, lililo karibu na maji, lilikuwa mikononi mwake. Kwetu Waluguru ardhi hupitia upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mjomba ndiye aliyempa.

Kila mavuno yalikuwa vita. Kwenye matenga ya kaka mlikuwa na mbichi ngumu na zilizoiva pamoja. Akagundua njia ya kubonyeza kila moja kwa kidole kabla ya kuchuma, na mjomba akamchapa kwa hilo, maana nyanya iliyobonyezwa huoza mahali pa kidole. Alipoacha kubonyeza, makosa yakarudi. Siku moja mchuuzi alimwaga matenga yake yote kando ya njia mbele ya watu, akaapa lori lake halitafika tena kwetu.

Mjomba akaita kikao barazani kwake. Walikuwepo mama, baba, wazee wawili wa ukoo, na mimi niliyekuja nimemfuata mama. Walimwuliza kaka kwa nini anawaharibia. Alisema anachagua kadiri ya uwezo wake. Mjomba akageuka, akaniona.

"Wewe mtoto huwa unachuma naye. Hebu sema. Anachagua?"

Nilikuwa na macho mazuri. Kila mtu alisema hivyo. Nilikuwa najaza tenga bila kosa hata moja na wachuuzi walinisifu kwa jina. Nikasema, "Hachagui. Anazoa tu."

Sikudanganya. Ndivyo nilivyoona. Alikuwa anatembea kwenye tuta, anachuma bila mpango, kama asiyejali. Mjomba akatikisa kichwa, akasema mvivu hapewi bonde. Kaka alipelekwa juu, kwenye mteremko wa mawe, akalime maharage. Bonde likarudishwa kwa mama, nikachuma mimi, na nyanya za bonde ndizo zilizonipeleka sekondari, na baada ya sekondari chuo, na baada ya chuo kwenye meza ile ya ukutani. Kaka hakuoa mapema kama wenzake. Nani angempa binti yake mtu ambaye mjomba wake mwenyewe amemwita mvivu? Alioa akiwa mtu mzima, mjane mwenye watoto, mwanamke mwema.

Haya yote niliyajua maisha yangu yote. Sikuwahi kuyapanga pamoja.

Nilirudi kwenye ule ukurasa nikiwa mtu mwingine. Chini ya kila kisanduku niliandika jina la rangi: kijani cha mgomba, chungwa, udongo, damu ya mzee, ugoro. Mwenye duka alipouona akakunja uso. "Umenijazia maneno. Imekuwa kama gazeti. Mteja wangu ana macho, binti." Nilimwambia wapo wasioona rangi. Akasema hao hawanunui rangi. Nilitaka kubishana naye. Nilikuwa na la kumwambia, na lilikuwa la kweli. Lakini ukurasa ni wake, nikayafuta yale maneno mbele yake, moja baada ya jingine. Baada ya yeye kuondoka niliyarudisha kwa kificho: ukiuweka mshale juu ya kisanduku bila kubonyeza, jina linajitokeza kwenye kikaratasi kidogo cha njano. Hakuligundua, au aligundua akaninyamazia. Lilikuwa jambo dogo mno. Nililifanya ili nijisikie nafuu na halikunipa nafuu.

Kilichofuata nacho nilikifanya kwa ajili yangu, ingawa wakati ule niliamini nakifanya kwa ajili ya kaka. Nilimwambia nakwenda kwa mjomba kumweleza.

"Umweleze ili iwe nini?" kaka aliuliza.

"Ajue hukuwa mvivu."

"Mimi najua sasa. Inanitosha." Akaona uso wangu. "Lakini wewe haikutoshi."

Alinifuata hata hivyo. Alisema hawezi kuniacha niende peke yangu kusema mambo yake.

Mjomba alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini sauti ilikuwa ileile. Tulimwamkia, akatuitikia, mkewe akatuletea chai ya mchaichai. Nilikuwa nimechapisha ule mstari wa rangi kwenye karatasi. Nilieleza yote: kuna watu wanazaliwa hivyo, si uvivu, si kiburi; kwa macho ya kaka nyanya mbichi na inayogeuka ni kitu kimoja. Nikasema, na hili nilikuwa nimelisoma, kwamba mara nyingi mtoto wa kiume huirithi hali hii kwa mama yake, na kwa hiyo inaweza kuonekana kwa wajomba. Nilisema kama mwalimu. Nikamsogezea ile karatasi.

Mjomba aliitazama. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama karatasi. Kisha akaipindua kifudifudi, akaiwekea kikombe juu.

"Nimesikia," alisema.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Waambie, mzee," alisema taratibu.

"Niwaambie nini?"

"Waambie. Watoto wamekuja kwa heshima."

Mkewe akaja, akakaa mkekani karibu yangu, akaongea nami kana kwamba mumewe hayupo. "Mwanangu, mimi tangu niolewe hajawahi kuninunulia khanga peke yake. Mwaka wa kwanza aliniletea ya rangi ya ugoro, akasema amenitafutia ya kijani kwa sababu naipenda. Nilidhani ananitukana, nikalia. Hajaenda tena dukani bila mimi. Na nyanya, umewahi kumwona akichuma? Hachumi. Tunachuma sisi, yeye anahesabu matenga."

Nilimwangalia mjomba. Alikuwa anatazama fimbo yake.

"Mimi nilijua kwangu kuna kitu," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imeshuka. "Marehemu mama alinikataza kusema. Alisema watu watasema nimerogwa, sitapewa ukoo. Nikatafuta namna. Nikasema mwanamume hachumi, mwanamume anasimamia. Huyu nilipomwona anabonyeza nyanya," akamnyooshea kaka kidevu, "nilijiona mimi. Nilikasirika kama nimekamatwa."

"Ulijua, mjomba?" kaka aliuliza. Ndilo neno la kwanza alilosema tangu tuketi.

"Sikujua. Nilihofia. Nikakupiga ili isiwe kweli."

Kuku aliingia barazani, mkewe akamfukuza kwa upande wa khanga. Nilikuja pale kumweleza mzee kosa lake, na sasa nilimwona mzee huyo analia bila sauti mbele ya mpwa aliyemchapa, mbele ya mkewe, mbele yangu mimi, binti mwenye karatasi. Nilitamani niirudishe ile karatasi mfukoni. Aibu aliyoifunika maisha yake yote nilikuwa nimeifunua kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kaka ndiye aliyeinuka. Alikwenda akachutama mbele ya mjomba, akaishika ile fimbo pamoja naye, mkono juu ya mkono. Akasema, "Basi, mjomba. Yamekwisha." Sijui kama yalikuwa yamekwisha. Alilisema kama mtu anayefunga zizi.

Baadaye mjomba alisimama kwenye hitima ya mzee mmoja wa ukoo, dua ilipokwisha na watu wakiwa bado wamekaa, akasema mbele yao kwamba mpwa wake hakuwa mvivu, ni macho, na macho hayo hata yeye anayo. Wazee waliguna. Bibi mmoja akacheka, akasema, "Kumbe ndiyo maana ulitupakia ule msikiti rangi ya mavi ya ng'ombe!" na baraza zima likaangua kicheko, mjomba pamoja nao. Mjomba alimwambia kaka achukue bonde lake. Kaka akakataa. Alisema mteremko amekwisha kuuzoea, na maharage hayana siri: ganda likikauka linalia ukilitikisa. Aliomba tu kipande kidogo karibu na maji kwa ajili ya watoto wa mkewe, akapewa.

Kila mtu alimwomba radhi kaka siku ile, mama akilia, baba akimshika bega. Mimi hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwenye kile kikao mtoto aliulizwa akajibu. Nilisubiri mtu aseme. Nilikaribia kulisema mwenyewe, nikaona kulisema pale ni kuligeuza lile baraza liwe langu, nikanyamaza. Na mpaka leo sijui kama kunyamaza kule kulikuwa adabu au woga.

Nilimwambia kaka peke yake, tukiwa shambani kwake juu, mji wa Morogoro ukionekana kwa mbali kwenye ukungu. Nikamwambia: niliposema unazoa tu. Na tena siku ile ofisini, niliposema ngojeni mwone hii.

Alikuwa anang'oa magugu. Hakuacha.

"Ya utotoni ulisema ulichokiona," alisema. "Ile ya ofisini," akasita, akakung'uta udongo kwenye mizizi ya gugu, "ile iliniuma."

Tangu hapo nikawa nampelekea vitu. Sukari, mbolea, redio, viatu vya watoto, shuka. Kila mwezi nilipanda Mlali na mfuko, na kila mwezi mkewe alinishukuru kwa sauti ya chini zaidi. Mwisho kaka alinisindikiza hadi njiani, akasimama.

"Mdogo wangu, hivi vitu acha. Nyumba imejaa. Watoto wanakuona wewe kama duka."

"Nafanya kwa mapenzi, kaka."

"Najua unachokifanya." Hakulisema kwa ukali. "Ukija, njoo tu."

Safari iliyofuata nilikwenda bila kitu. Walikuwa uani, wanapiga maharage kwa mijeledi ya miti, maganda yanaruka. Nilisalimia, nikasimama kando, nikiwa na mikono miwili isiyo na mahali pa kuiweka, mpaka mke wa kaka alipocheka na kunirushia ungo.